Ukipigwa tochi: namna ya kuisoma picha, kuihoji, na kulipa mara moja tu

Nina magari matatu barabarani: IST mbili za taksi mtandao hapa Dar, na Hiace moja inayobeba abiria kati ya Mbezi na Mlandizi. Siendeshi hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo faini ya tochi, kile kifaa cha polisi chenye kamera kinachopima mwendo, hunifikia kwa njia mbili: ama dereva ananipigia simu akiwa kando ya barabara, ama naikuta mwenyewe kwenye mtandao wa polisi, imelala kule na nyongeza ya kuchelewa kulipa imeshaingia. Haya ndiyo ninayomweleza dereva siku ninapomkabidhi funguo, pamoja na mengine yanayotuhusu sisi wenye magari. Aliyekimbia kweli alipe, sina huruma naye. Ila asiyekimbia naye ajue pa kushika, maana wengi hubishana na askari wakati anayewashitaki ni picha.

Kabla ya tochi: jua mwendo wako wewe, si wa jirani

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa 1973, inasema kwenye kifungu cha 51 kwamba maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukitoka nje ya makazi, gari la biashara linalobeba abiria, na gari zito la zaidi ya kilo 3,500, halitakiwi kuvuka 80. Gari dogo la binafsi halikuwekewa hiyo 80. Hapa ndipo dereva wa Hiace hujiona ameonewa: amefuatana na Prado kwenye barabara ya Morogoro, mwendo mmoja, halafu amesimamishwa peke yake. Hajaonewa. Prado haina abiria waliolipa nauli, yeye anao.

Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22, kwa hiyo ukisikia kijana wa bajaji anasema yeye kalipa kumi, usidhani kapendelewa.

Jambo la pili ni spidi mita. Magari mengi hutengenezwa mshale usome zaidi kidogo ya mwendo halisi. Kanuni za kimataifa za magari haziruhusu usome pungufu. Maana yake ni kwamba ukiwa na gari lenye tairi za kipimo chake, mshale ukikaa kwenye 50 unakuwa salama. Lakini sisi wa Dar tunapenda kubadilisha rimu na tairi. Tairi ikizidi ile ya kiwandani kwa kipenyo cha asilimia 8, gari linakwenda 54 pale ambapo hesabu ya gari yenyewe ni 50, na ule upendeleo wa kiwandani unaweza kuisha wote. Weka simu dirishani na programu ya ramani, mtu mwingine asome mwendo wakati wewe unashika 50 mahali palipotulia, ulinganishe. Nilifanya hivyo kwa magari yote matatu, na kila ninapobadilisha tairi narudia.

Dakika za kwanza kando ya barabara

Simama, zima muziki, shusha kioo. Salamu kwanza. Kama mkubwa kwako, shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu haki yake. Kisha maneno ni haya tu:

"Afande, kosa langu nini?"

"Mwendo, mama. Umepigwa tochi kule nyuma, sabini na moja kwenye hamsini."

"Sawa afande. Naomba niione picha."

Usiseme "sikukimbia". Usiseme "mbona yule". Usianze kumtaja shemeji yako aliyeko makao makuu. Omba picha. Mara nyingi anayekusimamisha siye aliyekupiga. Mwenzake yuko kilomita kadhaa nyuma na tochi, na huyu aliyekusimamisha amerushiwa picha kwenye simu. Hilo si kosa. Ila linakupa sababu nzuri ya kutaka kuona, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakukuona ukikimbia. Anachokijua ni kile kilichoko kwenye kioo cha simu yake.

Ukiishika ile picha, au ukiitazama akiwa ameishika, angalia kwa mpangilio huu.

Namba ya gari. Soma herufi kwa herufi. IST nyeupe na za fedha Dar ni nyingi kuliko miembe, na picha iliyopigwa jua likiwa nyuma ya gari inaweza kuifanya D ionekane O, na 8 ionekane B. Kama namba haisomeki, sema haisomeki. Anayedai ni gari lako ndiye wa kuonyesha.

Saa na tarehe. Mashine inaandika kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 10:12 ni saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Ulikuwa wapi wakati huo? Kama ulikuwa umeshasimama kituo cha mafuta, risiti ya mafuta ina saa. Dereva wa taksi mtandao ana bahati zaidi, kwani programu inahifadhi safari yote, saa na njia.

Alama ya msalaba, ile inayoonyesha kwenye picha mahali tochi ilipolenga. Tochi hizi zenye kamera hutumia mwanga wa leza usioonekana. Inatuma mapigo mengi sana kwa sekunde moja, kila pigo linagonga gari na kurudi, mashine inapima umbali, na kutokana na umbali unavyopungua inapata mwendo. Ndiyo maana msalaba unapaswa kukaa kwenye gari lako, hasa kwenye namba au uso wa gari. Msalaba ukiwa umekaa kwenye gari la pembeni, au katikati ya magari mawili, hapo una hoja. Mkono wa askari ukiteleza mwanga ukatambaa kutoka kioo cha mbele kushuka hadi boneti, umbali unabadilika ingawa gari halijabadili mwendo, na mashine inaweza kuongopa. Mashine zina kinga dhidi ya hilo, lakini picha yenye msalaba uliokaa kombo inastahili kuulizwa.

Nikiwa hapo hapo niue hoja moja ambayo madereva wanaipenda: "Afande ulinipiga kwa pembeni, ndiyo maana imesoma kubwa." Ni kinyume. Ukipimwa kwa pembe, tochi inasoma mwendo mdogo kuliko ule uliokuwa nao. Pembe inakusaidia wewe. Ukiileta hoja hiyo mbele ya askari aliyefundishwa vizuri atacheka, na baada ya hapo hata hoja yako ya kweli haisikilizwi.

Umbali. Hii ndiyo namba ambayo karibu hakuna anayeisoma, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Picha huonyesha gari lilikuwa mita ngapi kutoka kwenye tochi. Tuseme imeandikwa mita 310. Tuseme askari mwenye tochi alisimama mita 200 ndani ya kijiji, ukihesabu kutoka kwenye kibao cha 50. Basi wakati unapigwa ulikuwa bado mita 110 kabla ya kibao. Huwezi kuvunja 50 ambayo hujaifikia. Hapo unahitaji vitu viwili: askari alisimama wapi, na kibao kiko wapi. La kwanza unalipata kwenye picha yenyewe: vitu vilivyo nyuma ya gari, kibanda cha wakala, mti, daraja, mlingoti wa simu, vinaonyesha gari lilipokuwa, na zile mita zinakupeleka hadi aliposimama askari. La pili unarudi kulitazama. Simu yenye ramani za Google inapima umbali kati ya nukta mbili. Bonyeza mahali pamoja kwa muda, chagua kupima, sogeza hadi pengine. Dereva wangu wa Hiace alilifanya hili mbele ya askari, taratibu, bila kupandisha sauti. Askari aliitazama ramani, akaitazama picha, akapiga simu kwa mwenzake, kisha akarudisha leseni. Wala hakusema samahani, na wala hatukuihitaji.

Kibao

Kibao cha 50 kinachoingia na kile cha mwisho wa 50 ndivyo vinavyofanya mchezo mzima uwe wa haki. Bahati mbaya vibao vyetu vina maadui: miti inakua, malori yanavigonga, na wanunuzi wa vyuma chakavu wapo. Kikikosekana cha mwisho, dereva mstaarabu anatembea 50 hadi porini, na asiye mstaarabu anakisia. Anayekisia ndiye anayepigwa.

Kama kibao hakipo au kimefunikwa, rudi upapige picha siku hiyo hiyo, pande zote mbili za barabara, simu ikiwa imewekwa ionyeshe mahali na saa. Piga picha barabara, si uso wa askari. Hutaki kufungua ugomvi wa pili. Askari anaweza kukujibu kwamba makazi ni makazi, nyumba unaziona, 50 ni sheria hata pasipo na kibao. Usimalizane naye hapo. Hiyo ni hoja ya mahakamani na ina watu wake. Wewe kusanya picha. Halafu toa taarifa kwa wenye barabara, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa za mitaa na vijijini, ili kesho asipigwe mwingine.

Nitasema na hili, maana linanikera. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ilipanuliwa ikawa njia nane. Barabara pana namna hiyo inauambia mguu wako "nenda". Ukija kukutana na kibao kinachosema taratibu, mguu haukiamini. Sisemi kibao kimekosea. Watu wanavuka pale, watoto wa shule wanavuka. Nasema kwamba anayejenga njia pana halafu akategemea tochi pekee kupunguza mwendo, amemwachia askari kazi ya mhandisi. Kwa hiyo dereva wangu akiingia njia pana namwambia atazame vibao zaidi ya anavyovitazama kwenye njia nyembamba.

Askari aliyejificha

Wengi watakwambia tochi ya vichakani ni batili. Wabunge wamelilalamikia hili bungeni kwa miaka. Mimi ninavyoona, kujificha hakubadilishi kipimo: 71 iliyopigwa nyuma ya mchongoma ni 71. Ukienda kuhoji kwa sababu hiyo peke yake unapoteza muda. Lakini kama lengo ni watu wapunguze mwendo pale watoto wanapovuka, askari anayeonekana anafanya kazi kuliko aliyejificha, kwa kuwa dereva anapunguza kabla, si baada. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye vifo inapanda kwa asilimia 4 hivi. Kilomita chache si kitu kidogo. Ndiyo maana pia sipendi madereva wangu wapigiane taa na wenzao kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Yule anayeonywa anapunguza kwa mita mia tatu, kisha anaikanyaga tena mbele ya shule inayofuata.

Na ile ya "tuongee vizuri, mama"? Acha haki, acha dini, twende kwenye hesabu tupu. Unatoa elfu kumi, huna risiti, na picha yako bado iko kwenye simu za watu. Ukisimamishwa mbele kwa picha ile ile utaonyesha nini? Kama askari ndiye anayeomba, shika namba yake ya kifuani, mahali na saa, upige TAKUKURU kwa 113, ni bure.

Ukiona kweli umeonewa

Karatasi ya faini ni taarifa ya kosa. Inamhusu anayekubali kosa na kulipa. Asiyekubali ana haki ya kwenda mahakamani, na hakimu ndiye atakayeamua. Sema kwa adabu, "Afande, kosa hili silikubali, naomba lifikishwe mahakamani." Ujue gharama yake: unapoteza siku, labda zaidi, na gari la biashara lililosimama linaumiza kuliko 30,000. Mimi huenda njia hiyo pale tu namba si yangu au umbali unaonyesha wazi. Kwa msalaba uliokaa kombo kidogo hulipa na kununa.

Kabla ya mahakama kuna mlango mwingine, ofisi ya mkuu wa usalama barabarani wa wilaya au mkoa. Nenda na nakala ya picha kama umeipata, picha za kibao, na maelezo ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, namba ya taarifa. Ukurasa mmoja. Ukienda na maneno mdomoni utasikilizwa na utasahauliwa.

Deni linakaa kwenye namba ya gari

Hapa nazungumza na wenye magari. Faini ikishaingizwa kwenye mfumo inaandikwa pamoja na namba ya gari. Dereva akihama, akizima simu, akirudi kwao, deni linabaki na wewe. Askari yeyote akiingiza namba yako kwenye mashine yake ya mkononi, mkeka wote wa madeni unatandazwa, na gari linaweza kusimama hapo hadi ulipe, abiria wakiwa ndani.

Ingia tms.tpf.go.tz, andika namba ya gari, utaona kila kosa: tarehe, mahali, aina ya kosa, kiasi, nyongeza, na kama imelipwa au bado. Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi asubuhi, kabla dereva hajaleta hesabu, nisije nikapokea hela ya wiki nzima na kumwaga yote kwenye deni la Jumatatu. Ukikaa bila kulipa, nyongeza inaingia juu ya zile 30,000, kwa hiyo kuchungulia mapema ni pesa.

Unanunua gari la mkononi? Fungua ukurasa huo mbele ya muuzaji, kabla ya kuhesabu noti. Gari lililopakwa nta vizuri na lina deni la mwaka mzima la tochi za Chalinze ni jambo la kawaida. Muuzaji akisema "hizo zitafutika", mwambie azifute kwanza.

Kwenye mkataba na dereva andika waziwazi: faini iliyotokea siku gari liko mikononi mwake ni yake, isipokuwa ikitokana na gari lenyewe, kama taa au tairi, hiyo ni ya mwenye gari. Weka daftari la nani alikuwa na gari siku gani na saa ngapi. Bila daftari, madereva wawili wanaopokezana watakuapia kwa Mungu mbele ya mkeka mmoja. Lakini kuna haki ya upande wa pili ambayo wenye magari hatupendi kuisikia. Ukimpangia dereva wa Hiace hesabu ambayo haifikiwi mpaka akimbize, tochi hiyo ni yako, hata kama mguu ni wake. Nilipopanga hesabu ya Hiace nilipanda mwenyewe nikakaa kiti cha mbele siku nzima, tukitembea mwendo wa vibao, nikaona inaingiza kiasi gani. Hesabu ikatoka hapo.

Kulipa

Lipa kwa kumbukumbu namba iliyoko kwenye taarifa au kwenye mfumo, kupitia simu au wakala wa benki. Pesa ya serikali haiendi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, iwe ya askari, iwe ya "ofisi yetu". Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalokuja kwenye kioo. Likiwa jina la mtu, ghairi.

Baada ya kulipa usifute ujumbe. Upige picha, uutume kwa dereva pia, auweke kwenye simu yake, kwa sababu ndiye atakayesimamishwa. Kisha rudi kwenye mfumo uangalie kama hali imebadilika. Wakati mwingine inachelewa saa kadhaa. Ikikaa siku ya pili bado inasomeka haijalipwa, usilipe tena: chukua ile kumbukumbu namba na ujumbe wa muamala, nenda kituo kikubwa cha polisi kitengo cha usalama barabarani, uwaombe waulinganishe na mfumo wakiwa mbele yako. Mpaka watakapoisahihisha, dereva atembee na nakala iliyochapwa, ndani ya gari, kwenye mfuko wa kadi ya bima.